Tupu Si Sifuri: Mama Ngoja Anakiaga Chumba cha Mitambo

Wasomaji wa jarida hili mniwie radhi kwa kimya kirefu. Katika toleo lililotoka kabla ya mvua niliahidi kuandika habari za Mkuu wa Mifumo wa hospitali yetu mara tu atakapoteua kiendeshi kipya cha hifadhidata ya maabara. Nilisubiri. Toleo moja likapita, la pili likapita, na wapo walionisimamisha kwenye korido kuniuliza kama kalamu imeniishia wino. Haijaisha. Uteuzi ndio ambao haujafanyika, na tarehe ya kustaafu haimngoji mtu. Ijumaa ijayo, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mkuu wa Mifumo anakabidhi funguo za chumba cha mitambo na kwenda nyumbani. Haifai aondoke bila kusindikizwa kwa maneno. Kwa hiyo naandika habari ambayo mwisho wake bado siujui, jambo ambalo si desturi yangu.

Ni wachache wanaolikumbuka jina lake la kwenye barua ya ajira. Hospitali nzima humwita Mama Ngoja. Ukimpelekea ombi lolote, liwe la kubadili neno la siri au la kujenga mfumo mzima, jibu lake la kwanza ni moja: "Ngoja kwanza." Wauguzi husema kwamba hata lifti ikifunguka mbele yake huiambia ingoje kwanza, ndipo aingie. Jina hilo alipewa kwa mzaha, akalichukia, akalizoea, na mwishowe akaliandika mwenyewe kwenye kikombe chake cha chai ili watu waache kukiazima. Hawakuacha.

Alianza kazi maabara, akiwa karani wa kuchapa majibu kwa mashine kwenye kadi ndogo za rangi ya kaki. Kadi zilipelekwa wodini kwa miguu, na miguu hiyo mara nyingi ilikuwa yake. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilikaa mezani wiki kadhaa ikiwa imefunikwa kitambaa, wakubwa wakibishana ikae idara gani. Yeye alikichukua kitabu chake cha maelezo akakisoma mwanzo hadi mwisho wakati wa chakula cha mchana. Ubishi ulipokwisha aliomba ruhusa ya kuiwasha, akapewa. Baadaye alisoma masomo ya jioni, akapata stashahada na kisha shahada, huku akilea, kama asemavyo mwenyewe, watoto watatu na mume mmoja.

Programu ya kwanza ya majibu ya maabara katika hospitali hii ni kazi ya mikono yake. Daktari aliyezoea kusubiri kadi iletwe akaanza kusoma majibu kwenye skrini, chumbani mwake, akiwa ameketi.

Hapa sina budi kueleza kiendeshi ni nini, kwa sababu sehemu kubwa ya utumishi wa Mama Ngoja imezunguka uteuzi wa kitu hicho, na wengi wetu hatujawahi kukiona. Majibu yote ya maabara hukaa katika hifadhidata, yaani ghala lililopangwa. Daktari haingii ghalani. Anatumia programu, na programu nayo haiijui lugha ya ghala. Katikati yao kuna programu nyingine ndogo inayolibeba swali la daktari, kulifikisha ghalani kwa lugha ya huko, na kurudi na jibu. Hicho ndicho kiendeshi. Vijana wa chumba cha mitambo hukiita dereva, nami nimechoka kuwasahihisha. Viendeshi ni vingi, na kila kimoja kinasifiwa na aliyekitengeneza. Ukikosea kuchagua, ghala lako linaweza kuwa salama, programu yako ikawa safi, na bado mgonjwa akasomewa uongo.

Sisi tuliwahi kusomewa.

Katika miaka ya mwanzo ya programu ile, hospitali ilitumia kiendeshi kilicholetwa na wauzaji wa mitambo. Hakuna aliyekiteua. Kilikuja tu, kama kamba inavyokuja na mzigo. Siku moja skrini ya wodi ya wanaume ilionyesha kwamba mzee wa kitanda cha dirishani ana kiwango cha damu cha sifuri. Kwa mujibu wa kompyuta hakuwa na hata tone. Kwa macho yetu alikuwa amekaa kitako akigombana na jirani yake, huyu akitaka dirisha lifunguliwe na yule akitaka lifungwe. Muuguzi akamwambia, "Mzee, tulia, wewe kwa hesabu zetu umekwisha kufa." Mzee akajibu, "Basi mwambie huyu amheshimu marehemu, afungue dirisha." Tulicheka siku nzima. Mama Ngoja naye alicheka.

Juma hilohilo kicheko kilikatika. Mama mmoja alimleta binti yake mwenye homa, damu ikatolewa na kupelekwa maabara. Daktari alipofungua skrini alisoma: vijidudu vya malaria, sifuri. Akamwambia mama kwamba mtoto hana malaria, ampe dawa ya kushusha homa, akampumzishe. Walikuwa wamekwisha kufika getini walipokutana na mtaalamu wa maabara aliyeipokea ile damu, akitoka kunywa chai. "Dada, majibu umepewa na nani?" akauliza. "Mimi hiyo damu hata sijaitazama." Wakarudishwa. Damu ikasomwa. Malaria ilikuwamo, tena nyingi. Mtoto alilazwa saa ileile, na alipona.

Mama Ngoja alikwenda kulichunguza ghala, akakuta halina kosa. Mahali pa jibu la mtoto yule palikuwa patupu, kama palivyopaswa kuwa, kwa sababu jibu lilikuwa bado. Kosa lilikuwa njiani. Kiendeshi kilipokuta patupu kiliona haya kurudi mikono mitupu, kikaokota sifuri na kuileta kwa adabu zote. Programu ikaipokea, daktari akaiamini. Sifuri ni jibu: tumetafuta, hatukuona kitu. Tupu ni kukiri: bado hatujatafuta. Kati ya maneno hayo mawili alipita mtoto mwenye malaria, akafika getini.

Kiendeshi kile kiliondolewa, na tangu hapo hakuna kingine kilichoingia hospitalini bila kupita mbele ya ukoo.

Wafanyakazi wapya nao wajue: ukoo wa Mama Ngoja ni kundi la wagonjwa wasiokuwepo. Aliwabuni mwenyewe akawaweka katika ghala dogo la majaribio, kila mmoja na udhia wake. Yupo Mzee Sifuri, ambaye vipimo vyake vyote vilifanyika na majibu yake ni sifuri ya haki. Yupo Dada Tupu, anayefanana naye kwa kila kitu, ila majibu yake bado hayajatoka, na hayatatoka. Yupo Mjomba Ng'ang'ania, ambaye jina lake lina ritifaa mbili. Viendeshi vizembe vikifika kwenye ritifaa ya kwanza hudhani maneno yamekwisha, vikamwacha mlangoni akiwa Mjomba Ng. Babu Mwaka Mrefu alizaliwa tarehe ishirini na tisa Februari. Kitindamimba alizaliwa wakati siku ikigeuka, na kiendeshi kimoja kilichofuata saa ya nchi ya waliokitengeneza kiliandika kwamba alizaliwa jana yake, kabla mama yake hajafika hospitali. Mama Maelezo ana historia ya ugonjwa ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, ili ionekane ni kiendeshi gani kitakachomkata sentensi katikati.

Ukoo huu umeishi nasi miaka mingi hata umekuwa wa kwetu sote. Wataalamu wa maabara wakikutana na vijana wa mitambo ngazini huwauliza, "Ukoo haujambo?" nao hujibu, "Haujambo, ila Mjomba amekwama tena." Mhudumu mmoja wa mapokezi, akiwa mgeni kazini, aliwasikia wakisema kwamba Dada Tupu anasubiri majibu tangu mwaka juzi. Alikasirika. Alipanda ngazi hadi kwa Mganga Mkuu kumlalamikia kwa niaba ya mgonjwa huyo, akataka kujua yuko wodi gani ili angalau apelekewe maji. Watu walipoangua kicheko, Mama Ngoja alisema, "Mwacheni. Mapokezi panahitaji mtu kama huyu." Yuko hapo hadi leo, na sasa ndiye msimamizi.

Kwa Mama Ngoja, kuteua kiendeshi kulifanana na kumwajiri mtu. Alitaka kwanza kujua kama kinaelewana na ghala tulilo nalo na kwa toleo lake hasa, maana kuelewana na la zamani si kuelewana na la sasa. Alitaka kujua nani anakitunza, na huyo akiugua nani atakishika. Alitaka kujua kama kinafunika siri za wagonjwa kinaposafiri nazo kwenye waya. Zaidi ya yote alikivizia kikwame, asikie kitasema nini. Kipo kilichokataliwa kwa sababu kila kilipokwama kiliandika neno moja tu, "Hitilafu". Aliyekileta alijitetea kwamba ni chepesi na hakina makuu. Mama Ngoja akamwuliza, "Mgonjwa akija akakuambia naumwa, halafu akanyamaza, wewe utamtibu wapi?"

Sasa nifikie jambo lililoninyamazisha.

Ghala letu limezeeka, na waliolitengeneza wametangaza kwamba hawatalihudumia tena. Mwishoni mwa mwaka majibu yote ya maabara yatahamia katika ghala jipya. Ghala jipya linataka kiendeshi kipya, na uteuzi huo ungekuwa kazi ya mwisho ya Mama Ngoja. Aliutaka sana. Hakusema, lakini aliomba likizo yake iliyobaki ifutwe, na mwenye kufuta likizo katika mwezi wake wa mwisho hahitaji kujieleza.

Kazi ya majaribio aliipa mwandishi mkuu wa programu, aliyefundishwa naye tangu alipokuja kwa mafunzo ya vitendo, na ambaye Jumatatu baada ya Ijumaa hiyo atakalia kiti chake. Huyo tunamwita Chapuchapu. Hutembea kama aliyesahau kitu jikoni. Yeye humwita Mkuu wake Mama, naye humwita mwanangu, na siku nzima hawaishi kubishana.

Chapuchapu alileta viendeshi vitatu. Cha kwanza ni kile cha zamani tunachokitumia hadi leo, kinachojua kusema na ghala la kila aina, lakini polepole na kwa mkato, na aliyekuwa akikitunza ameacha. "Huyu amestaafu," alisema Mama Ngoja. "Namwelewa." Kikawekwa kando. Cha pili kimetengenezwa na wenye ghala jipya wenyewe: kizito, chenye masharti, lakini kinalijua ghala hilo kama mtoto anavyoijua nyumba aliyozaliwa. Cha tatu kimeandikwa na watu wa kujitolea walioko pande mbalimbali za dunia. Ni chepesi, kinatunzwa vizuri, na ni chepesi tena; narudia kwa sababu Chapuchapu naye alirudia.

Kikao kilifanyika chumba cha mitambo, nami nilikuwapo kuandika kumbukumbu. Walikuwapo Mganga Mkuu, daktari wa dharura, Mama Ngoja na Chapuchapu, na sauti ya feni. Daktari wa dharura ni mama mrefu, mchache wa maneno, aliyelalamikia kasi ya skrini zetu kwa muda mrefu hata tukamzoea, na kumzoea mlalamikaji ni kosa. Alipoona kiendeshi cha tatu kikileta majibu kabla hajamaliza kuvuta kiti, alisema, "Hiki. Tufunge kikao."

"Ngoja kwanza," alisema Mama Ngoja.

"Mama," akasema Chapuchapu, "ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Huumiza, mwanangu. Lakini afadhali tumbo linaloumwa kuliko tumbo lililozikwa."

Daktari wa dharura aligeuka. "Na wangu je, Mama? Wangu naogopa kuwazika wakisubiri skrini. Nao uwahesabu."

Hapakuwa na kicheko. Mama Ngoja aliinamisha kichwa akasema, "Daktari amesema kweli. Nawahesabu." Kisha akauita ukoo.

Mmoja baada ya mwingine walipita mbele ya kiendeshi cha tatu. Mjomba Ng'ang'ania alipita na ritifaa zake zote mbili. Babu alipita na tarehe yake. Kitindamimba hakuibiwa siku. Mama Maelezo alisema hadi nukta ya mwisho. Chapuchapu alikuwa akitabasamu. Mzee Sifuri akaja na sifuri yake. Akaja Dada Tupu, na mbele ya jina lake skrini ikaandika: sifuri.

"Hiyo si kasoro, Mama," alisema Chapuchapu haraka. "Ni tabia yake tu. Ukishapokea namba, unakiuliza: hii ni sifuri ya kweli, au palikuwa patupu? Kinakujibu vizuri kabisa. Ni mstari mmoja wa ziada kwenye programu."

"Mstari mmoja kila mahali inaposomwa namba?"

"Kila mahali."

"Na siku utakapoumwa na jino, programu akaiandika mwenzako?"

Chapuchapu akakiondoa kiendeshi cha tatu.

Wakakijaribu cha pili. Dada Tupu alikuja mtupu, kama alivyo, na Mama Ngoja akashusha pumzi. Ndipo Chapuchapu, bila kuambiwa, akakipa kiendeshi hicho asubuhi ya Jumatatu: maswali ya madaktari wote kwa wakati mmoja. Skrini ikaganda. Kiendeshi cha pili, kwa jinsi tulivyokikuta, humaliza kila swali kwa kuufunga muunganisho wake na ghala na kuanza mwingine upya, kama mgeni anayetoka nje na kupiga hodi tena kila anapotaka kuongeza neno. "Hodi, hodi, hodi," alisema daktari wa dharura, "na mimi nimesimama na mgonjwa."

Hali ikawa hiyo. Kimoja ni cha haraka, lakini siku mtu akisahau kukiuliza kitamrudisha mtoto getini. Kingine ni mkweli, lakini kitawachelewesha wengi ambao saa yao ni fupi. Hakuna aliyekuwa na makosa katika chumba kile, na hiyo ndiyo sababu hapakuwa na njia nyepesi ya kutokea.

Mganga Mkuu, ambaye ana ratiba, alimwambia, "Mama, wewe ndiye mwenye mamlaka. Tamka, uteuzi uandikwe, nawe ukapumzike. Tutafuata utakachosema." Nami nilishika kalamu. Sote tulitegemea atamke. Miaka yote alikuwa ametamka, nasi tukalala usingizi.

Mama Ngoja aliutoa mkufu wa funguo mfukoni, akaziangalia, akazirudisha. Kisha akamwuliza Chapuchapu, "Jumatatu asubuhi wodi zikipiga simu kwamba majibu hayaeleweki, simu itaita mezani kwa nani?"

"Kwangu, Mama."

"Basi uteuzi ni wako. Dereva huchaguliwa na wanaoendelea na safari. Mimi nashuka hapa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Mkono uliokuwa mfukoni ulibaki mfukoni, na nilisikia funguo zikisagana humo. Nilimwona mtu akiacha mezani kitu alichokuwa amekikusudia kwa moyo wake wote, ili aliye karibu yake akichukue.

Mjue kwamba Chapuchapu alikuwa ameyaomba mamlaka hayo tangu mvua hazijaanza. Mganga Mkuu alimgeukia akasema, "Haya bwana, una sifa ya wepesi. Kipi?"

Chapuchapu alitazama skrini. Alikuwa amekirudisha kiendeshi cha tatu, na jina la Dada Tupu lilikuwa palepale na sifuri isiyo yake.

"Ngoja kwanza," alisema.

Daktari wa dharura alicheka hata akavua miwani. Mganga Mkuu alifunga faili. Mama Ngoja peke yake hakucheka. Alikuwa akitafuta leso katika mkoba ambao, kwa kadiri nilivyoona, haukuwa na leso. Kilichofuata ni kazi, nami naiandika kama ilivyosemwa. Chapuchapu atavishughulikia viendeshi vyote viwili. Kwa kile cha tatu ataandika mahali pamoja tu pa kusomea namba, ambapo swali la tupu au sifuri litaulizwa lenyewe, ili asiwepo mwandishi wa programu anayeweza kulisahau. Kwa kile cha pili ataweka miunganisho michache iliyo wazi muda wote, madaktari wapokezane, hodi zipungue. Kisha ukoo wote utapita tena, na Jumatatu yote itapita tena, daktari wa dharura akiwa amekaa mbele ya skrini. Kitakachovuka ndicho kitakachoteuliwa. Kabla ya hapo, hapana.

Wapo walioniuliza kama Mama Ngoja anaondoka na kinyongo. Nilimwuliza mume wake, fundi cherehani ambaye wengi wetu tumevaa kazi ya mikono yake, alipokuja kumchukua juzi jioni. Alicheka. "Mimi nilipomposa," alisema, "aliniambia ngoja kwanza. Marafiki zangu wakasema, ndugu, umekataliwa, tafuta kwingine. Nikawaambia hapana, hajasema hapana, bado hajasema. Nikangoja, nikashona suti yangu kabisa." Nilimwuliza kama wakati huo alikwisha kuijua habari ya tupu na sifuri. Alisema hapana, lakini aliposimuliwa miaka mingi baadaye aliielewa mara moja kuliko wahandisi.

Atakwenda kukaa na mume huyo na bustani ambayo hadi sasa imelimwa Jumamosi tu. Wajukuu wawili wameahidiwa kufundishwa kutumia kompyuta, na tunasikia kwamba mkubwa, alipoomba afunguliwe mchezo, alijibiwa jibu tunalolijua. Kikombe chenye jina lake amekiacha rafuni kwa hiari yake, kwa kuwa, kama alivyosema, hata akienda nacho tutamfuata kukiazima.

Mkuu wetu, maneno yaliyobaki ni yako.

Tunakushukuru kwa majibu yote tuliyoyaamini bila kujua nani alikuwa ameyalinda njiani. Ametuomba mtaalamu mmoja wa maabara, ambaye sasa ana mvi, tukukumbushe geti na mtoto yule. Anasema tangu siku hiyo hajawahi kunywa chai bila kutazama nje kwanza. Daktari wa dharura anasema kwamba ulimhesabu, na kwamba hilo hatalisahau. Msimamizi wa mapokezi anasema Dada Tupu asiwe na wasiwasi, atamwangalia.

Na ujue kwamba ukoo umeongezeka. Jana asubuhi Chapuchapu alimwingiza mgonjwa mpya katika ghala la majaribio, wa kwanza ambaye hukumbuni wewe. Anaitwa Shangazi Mstaafu. Tarehe yake ya kuanza kazi imeandikwa, ya kustaafu imeandikwa, na ya kurudi kututembelea ameiacha wazi. Alimpitisha kwenye viendeshi vyote vitatu, hata kile cha zamani, ili kukiaga. Cha zamani kilipokuta tarehe hiyo haipo kiliona haya, maana ukoo haukuwahi kukijaribu kwa tarehe tupu, kikajaza chake, kikatangaza kwamba Shangazi alirudi kutembelea hospitali mwaka ambao bibi yake alikuwa bado hajazaliwa. Chumba kizima kilicheka, nawe ulikuwa hujafika, na kwa mara ya kwanza tulikosa mtu wa kutuambia tungoje kwanza.

Nenda kwa afya njema, Mama. Bustani ikustawie, wajukuu wakusumbue kwa kiasi, na mume wako aone faida ya kungoja. Mahali pa jina la kiendeshi katika kumbukumbu zangu za kikao kile nimepaacha patupu. Sikuandika hakuna, wala sikuweka sifuri. Chapuchapu atakapochagua, mtu wa kwanza kuandikiwa utakuwa wewe, na nitakuandikia kwa mkono wangu, siku hiyohiyo.